Siti za nyuma kabisa za Sienta, mwaka wa pili nazilaza na kuziamsha

Mi siti za nyuma kabisa za gari yangu nazilaza na kuziamsha kila wiki, Jumamosi jioni zinaamka, Jumapili usiku zinalala, na huu ni mwaka wa pili sasa, kwaiyo naomba niziongelee vizuri maana nikiangalia watu wanavyonunua gari za familia huku mjini wanauliza tu "inabeba watu wangapi" na "mafuta inakulaje" basi, hakuna anayeuliza hizo siti zinalalaje.

Gari yenyewe ni Toyota Sienta ya 2016, ile toleo la pili lililoanza 2015, cc 1500, milango ya pembeni yote miwili ya kusukuma. Wiki nzima inabeba matunda, natengeneza juisi za oda hapa Kimara na alfajiri nakuwa Mabibo sokoni kuchukua maembe, mapasheni na mananasi. Jumapili gari hiyohiyo inatupeleka kanisani watu saba, mimi, baba watoto, watoto wanne na dada anayenisaidia nyumbani. Gari mbili hatuna uwezo nazo, kwaiyo ilibidi ipatikane moja inayofanya kazi zote mbili, na siti za nyuma ndo zilizotufanya tuchague hii.

Zinavyolala sasa. Kwanza unashusha hedresti za nyuma mpaka chini kabisa, afu unaifata siti ya kati, unavuta leva, mgongo unaanguka mbele na siti nzima unaipindua isimame nyuma ya siti ya mbele. Hapo ukiangalia chini unaona sakafu imebonyea, kuna bonde. Unazunguka nyuma kwenye buti, unavuta kile kimkanda kilichopo mgongoni mwa siti ya mwisho, mgongo unalala juu ya kikalio, unaisukuma mbele na inashuka kama droo inavyorudi kabatini, inaingia humo bondeni. Ukirudisha siti ya kati inakuja kukaa juu yake na huioni tena, mtu akipanda hajui kama gari ina siti nyingine. Na kila upande unajitegemea, yaani unaweza kulaza ya kushoto ukaacha ya kulia imesimama, hiyo natumia sana ntaielezea mbele.

Mwanzoni ilikuwa inanichukua muda mrefu mpaka naita mtu, saiv upande mmoja nusu dakika haifiki na nafanya peke yangu, na mimi sio mtu wa nguvu. Ugumu wake uko kwenye kuinua siti ya kati, ndo nzito kuliko zote, na kama umefunga kiti cha mtoto hapo kati basi lazima kifunguliwe kwanza, hakuna njia ya mkato. Mwenye mtoto mchanga hilo alifikirie mapema maana vile vyuma vya kufungia kiti cha mtoto viko hiyo siti ya kati.

Zikishalala, raha yake ni sakafu. Kuanzia mlango wa nyuma mpaka siti ya kati inakuwa tambarare na iko chini, sinyanyui kreti mpaka kifuani, naiweka tu ukingoni naisukuma inateleza ndani. Mtu anayebeba kreti za maembe saa kumi na moja alfajiri anajua hicho kitu kina thamani gani kwa mgongo.

Zikiamka je, watu wanakaa? Nasema ukweli, watoto ndio, mtu mzima safari fupi tu. Gari yenyewe urefu ni kama mita 4.2, ndani ya hizo mita umeweka safu tatu za watu na injini, huwezi kutegemea maajabu. Mtoto wangu wa kidato cha pili ana miguu mirefu, magoti yanagusa siti ya mbele yake mpaka wa kati wasogeze siti yao mbele kidogo wagawane nafasi. Kuingia ni rahisi kwasababu ya milango ya kusukuma, hata kama kuna gari imepaki karibu mlango unafunguka tu. Kitu kinachonisumbua zaidi ni joto. Vioo vya huko nyuma havifunguki, na ac inatoka mbele kule kwenye dashbodi, kwaiyo jua la Dar la saa saba mchana foleni ya Ubungo wale wa nyuma wanaloa kabla ubaridi haujawafikia. Tulichofanya tunawasha ac dakika kadhaa kabla ya kuondoka na tumeweka pazia za vioo.

Alafu hedresti. Hizi ukilaza siti unazishusha, na ukiamsha siti zinabaki chini, lazima uzipandishe kwa mkono. Nimeshajikuta nimefika Mbezi watoto wamekaa nyuma na hedresti ziko chini mabegani, kioo cha mlango wa nyuma kiko pale karibu na vichwa vyao, niliumia sana moyo siku ile. Sasa hivi kabla sijawasha gari nageuka naangalia vitu viwili, hedresti na mikanda, na mikanda pia inabidi ukilaza siti uichomeke pembeni kwenye nafasi yake la sivyo inabanwa chini na siku ya kuamsha unaanza kuvutana nayo.

Kabla ya hii nilizunguka kuangalia nyingine na nadhani itasaidia mtu nikilinganisha.

Wifi yangu ana Noah, ile ya umbo la 2007 mpaka kama 2013. Yake siti za nyuma hazizami chini, zinapanda ubavuni. Unavuta leva, siti inajikunja na springi inaisukuma juu inakwenda kukaa kando ya dirisha, unafunga. Uzuri wake hugusi siti ya kati kabisa, unafungua mlango wa nyuma unamaliza hapohapo, na nyuma wanakaa watu watatu kwa nafasi, na matundu ya ac yapo juu darini. Ubaya wake zikishapanda ubavuni zinakula upana, kreti zangu mbili pembeni kwa pembeni zilikuwa zinabana, na zinaziba kioo cha pembeni kwaiyo wakati wa kurudi nyuma kuna sehemu huoni. Zile Noah za nyuma zaidi, 2001 mpaka 2007, zinapanda ubavuni vilevile ila unainyanyua kwa mikono yako mwenyewe, mi nilijaribu moja nikaona hapana, kila Jumapili usiku siwezi. Ila kwa mtu ambaye familia yake wote ni watu wazima na mizigo ni ya mara mojamoja, achukue Noah, simdanganyi, ni gari ndefu ya kama mita 4.6 na huo urefu unaonekana kwa waliokaa nyuma.

Jirani ana Wish. Ile ndo rahisi kuliko zote, mgongo wa siti unalala mbele juu ya kikalio chake basi imeisha, sakafu inanyooka. Lakini gari iko chini na dari iko chini, kreti ya pili juu ya kreti inagusa, na kukaa kule nyuma mtu mzima ni kuinamisha shingo. Kama mizigo yako ni begi na maboksi, Wish itakutosha.

Prado sijamiliki ila kwa wenye uwezo tofauti ipo pia, zile za toleo la 120 siti zinakunjwa ubavuni, za toleo la 150 zilizoanza 2009 nyingi zinalala chini sakafuni, na za daraja la juu unabonyeza batani zinalala zenyewe.

Sasa jambo moja kuhusu Sienta ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Mwaka 2018 walianza kutoa na Sienta za siti tano, zinaitwa Funbase, kwa nje karibu zinafanana na hizi za watu saba. Gari ya kwanza niliyokwenda kuangalia yadi ya kuuzia magari (jina lake silitaji) nikaambiwa "siti za nyuma zipo dada, zimelala tu ndani, we lipa utaziamsha nyumbani". Nikamwambia niamshie moja tu nione. Akazunguka, akavuta zulia, akasema fundi hayupo. Kumbe hakuna siti, ilikuwa Funbase! Nilikuwa nimeshabeba hela ya kianzio kwenye mkoba. Kwaiyo tafadhali, usipokee maneno, ziamshwe mbele yako, zote mbili, afu zilazwe tena, afu mtu akae. Siti ikigoma pale yadi haitakubali nyumbani kwako.

Na kingine ni spea. Sienta nyingi zinakuja bila tairi la spea, zinakuja na chupa ya dawa ya pancha na kipampu. Kwa barabara za Japani sawa, kwa barabara yetu ya mtaani yenye mawe hiyo dawa haitoshi, tairi likipasuka ubavuni dawa haifanyi chochote. Tulinunua spea, na spea haina pa kukaa. Siti zikilala inakaa buti bila shida, siti zote zikiamka hakuna buti la maana, linabaki la kusimamisha begi za shule mbili tatu. Kwaiyo watu saba na spea kwa pamoja ni kazi, tunaifunga kwa kamba nyuma ya siti isimame wima isije kumrukia mtoto tukifunga breki.

Hiyo ndo shida tuliyoikuta Desemba tukienda Moshi kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu. Watu saba, safari ya kilomita zaidi ya 500, nguo za siku kumi, zawadi za bibi, unaweka wapi? Tulikaa chini tukapanga upya, dada akatangulia na basi na mabegi makubwa mawili, sisi tukabaki sita, tukaamsha siti moja ya kulia na ya kushoto ikalala. Hapo ndo nilipoielewa vizuri hii kugawanyika nusu kwa nusu. Upande mmoja mtoto amekaa, upande wa pili spea, ndoo, begi, boksi la maji, vyote vimefungwa. Tukapita Chalinze, Segera, tukala Korogwe, mpaka Same watoto wamelala bila kugombana.

Kurudi bibi yao akatujazia. Mkungu wa ndizi, mahindi, na kiroba cha maharage, na huwezi kumwambia mama mkwe hapana. Kiroba kilikuwa na katundu kadogo sikukaona.

Mwezi wa pili hivi, Jumamosi jioni naamsha siti ya kushoto, inasimama lakini nikiitikisa inacheza. Nikailaza nikaiamsha tena, haitoi ule mlio wa "ka" wa kushika. Baba watoto akasema labda imeharibika, tukampelekea fundi mmoja akasema komeo limekufa tutafute siti nzima. Sikulala vizuri. Kesho yake nikachukua tochi ya simu nikapiga magoti pale kwenye buti nikamulika lile tundu la sakafuni linaloshikwa na komeo la siti. Ndani kulikuwa na maharage mawili, moja limevimba limeanza kuchipua kabisa kwa ajili ya maji ya kuosha gari, limekaa palepale komeo linapotakiwa kuingia. Nilitoa kwa kijiti cha mshikaki, nikapuliza, nikafuta, nikaamsha siti. Ka! Ikashika kama mpya. Tangu siku hiyo kila nikilaza siti napitisha brashi kavu kwenye yale matundu na kwenye lile bonde, na pale kwenye kuosha gari nawaambia humo ndani msimwage maji, kitambaa tu, kwasababu maji yakiingia chini ya zulia hayana pa kutokea na harufu yake haiishi.

Kwa ujumla wa matumizi yangu mi hizi siti nazipenda kutoka moyoni, zimenifanya niwe na gari ya biashara na gari ya watoto ndani ya chuma kimoja, na nikiulizwa nikanunue tena leo nitachukua hiihii, ya watu saba, nitatafuta tu yenye spea yake.

Kitu kimoja naomba msaada. Kile kimkanda cha kuvutia mgongoni mwa siti ya kushoto kimeanza kuchanika nyuzi pale kiliposhonewa, fundi viti mmoja anataka kunishonea kamba ya begi, mi naogopa itateleza nikiwa nimeishika siti katikati. Mwenye kujua duka pale Gerezani au Ilala wanapouza hicho kimkanda, hata kilichotumika, anielekeze.