Nomad Sculpt kwenye karakana ya mninga, Tabora: uzoefu wangu

Nabuni samani za mninga hapa Tabora: viti, vitanda, milango ya nakshi. Mimi nabuni, fundi anachonga. Siku hizi penseli naishika mwishoni. Kazi inaanzia kwenye Nomad Sculpt, programu ya kufinyanga maumbo kwenye tableti. Aliyeitengeneza ni Mfaransa Stéphane Ginier, yule yule wa SculptGL inayofunguka bure kwenye kivinjari.

Zamani mteja akitaka vichwa vya simba kwenye mikono ya kiti, nilimchorea sura ya mbele na ya ubavuni, akakubali, mbao zikakatwa. Shida ni kwamba watu wengi hawasomi kina kwenye karatasi. Pua ya simba ukiitazama kwa mbele ni kiduara tu. Imejitokeza kiasi gani? Jibu linapatikana fundi akiwa nusu ya kazi, na mninga ukishakatwa haurudi.

Sasa naweka tufe la kichwa, silinda ya pua, vidonge viwili vya mashavu. Nawasha ulinganifu, ninachofanya kushoto kinajirudia kulia. Halafu naviunganisha kwa vokseli, yaani vijichemraba vidogo vinavyojaza umbo: vipande vyote vinajengwa upya kuwa donge moja lisilo na kiungo, navuta na kubonyeza nitakavyo. Utamu wenyewe uko hapa. Kwa njia ya zamani ya 3D unapanga poligoni, vile vipande bapa vinavyounda uso wa umbo, kwanza, umbo linafuata, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kubomoa alichojenga. Kwenye kompyuta, programu ya ZBrush ilileta DynaMesh, njia yake ya kujenga umbo upya hivyo, mwaka 2011, na programu ya Blender ikaweka njia yake ya vokseli kwenye toleo la 2.81 mwaka 2019, na sasa kitu cha aina hiyo kinabebeka kwapani hadi kwa mteja.

Mzee mmoja wa Isevya, hapa hapa Tabora, nilimpa tableti aigeuze kiti mwenyewe. Akakizungusha kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, nikitaka kuinuka nitashika wapi? Masikioni?" Kwenye karatasi swali hilo lisingekuja. Nikayalaza masikio nyuma, nikasawazisha manyoya pale kiganja kinapotua, yeye anaangalia.

Lakini ufinyanzi huu haujui mbao. Udongo wa kwenye kioo hauna nyuzi. Sikio jembamba lililosimama linapendeza sana, mpaka fundi aangalie nyuzi zinavyopita na kusema, "Mdogo wangu, hili patasi ikigusa tu linaondoka." Kwa hiyo fundi anaona umbo kabla mteja hajalipenda, siyo baada.

Jingine ni rangi. Donge la haraka ukilipaka rangi ya mninga na kuliwekea mwanga linaonekana limekwisha, na mteja anaanza kuulizia siku ya kuchukua mzigo wakati mimi bado sijaamua kidevu. Siku hizi namwonyesha la kijivu mpaka umbo likubalike. Rangi baadaye.

Kwa vipimo siiamini programu hii. Umbo likipita nalitazama bila mtazamo wa umbali (cha mbali hakionekani kidogo kuliko cha karibu), mbele na ubavu, naprinti steshenari, na sentimita nazihakiki kwa futi kamba juu ya ubao. Poligoni zikiwa nyingi tableti yangu ya kawaida inakuwa nzito, na joto la Oktoba huku linaifanya iwake kama pasi. Kidole kinafanya kazi, ila bila kalamu inayohisi mgandamizo utachoka.

Bei: unalipa mara moja, basi. ZBrush, ambayo sasa iko chini ya Maxon, inataka ulipie kila mwezi au mwaka. Blender ni bure kabisa na ina nguvu zaidi, ila inahitaji kompyuta, na kompyuta siwezi kumwekea mzee magotini barazani kwake. Nomad haihitaji bando wakati wa kufinyanga, na umeme ukikatika chaji ya tableti inanitosha kumaliza kikao. Kwa anayebuni vitu vitakavyoshikwa na mkono, nunua. Kwa milango ya nakshi bapa, baki na penseli, utamaliza mapema zaidi.