Mbegu ya chuo au fungu la serikali?

Mtafiti wa Marekani mwenye wazo changa la nishati safi ana milango miwili ya kubisha.

Wa kwanza uko jirani: mfuko wa chuo chenyewe. MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Massachusetts, kupitia Mpango wake wa Nishati ulioanzishwa mwaka 2006, hutoa takriban dola 150,000 kwa mradi. Hiyo inatosha kumlipa mwanafunzi mmoja wa uzamivu, kununua kemikali na kujaribu jambo ambalo pengine halitafaulu. Ndiyo raha yake, kwa maoni yangu: hakuna anayekudai betri iliyokamilika.

Mlango wa pili ni ARPA-E, wakala wa serikali wa kufadhili utafiti wa nishati, ulioanza kupata fedha mwaka 2009, dola milioni 400 kwa mkupuo. Ruzuku zake hufikia mamilioni, lakini zina masharti makali: malengo ya kiufundi hupangwa mapema, na mradi unaoyakosa unaweza kusitishwa njiani. Anayekuja mikono mitupu, bila data za awali, atapata taabu kuwashawishi.

Mtazame Donald Sadoway, profesa wa MIT, na betri yake ya metali iliyoyeyuka. Alianza na fedha ndogo za Kituo cha Deshpande, hapo hapo MIT. Mwaka 2009 ARPA-E ikampa karibu dola milioni 7; mwaka uliofuata kampuni ikazaliwa, baadaye ikaitwa Ambri. (Mwaka 2024 iliomba kinga ya mufilisi, lakini hapo fedha za utafiti zilikuwa zimemaliza kazi yake zamani.)

Ningekuwa na wazo la wiki tatu tu, ningebisha kwa jirani.