Mnara wa Gentioux: Mtoto Aliyekunja Ngumi
Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wa kuwakumbuka wanawe waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mingi yenye sanamu huonyesha askari aliyesimama kishujaa. Ule wa Gentioux, mkoani Creuse, uliojengwa mwaka 1922, naupendekeza kuliko yote niliyoiona. Hapa hakuna askari. Yupo mtoto yatima, amevaa nguo za shule na viatu vya mbao, kofia mkononi, naye amekunja ngumi akiielekeza kwenye maneno yaliyoandikwa chini ya majina ya marehemu: "Vita na ilaaniwe." Mnara wenyewe si mkubwa. Namshauri mgeni ayasome majina yote kwanza, bila haraka, ndipo amgeukie mtoto, maana hasira yake inatokana na majina hayo.