Seti ya rangi za maji ya "mchoro mmoja kwa siku": rangi sawa, daftari wizi mtupu

Kwenye jalada la daftari kuna stika imeandikwa gramu 300, yaani uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi. Ibandue taratibu kwa ukucha, chini yake utakuta namba iliyochapwa kiwandani: 160. Ripoti yangu imeishia hapo, wenye haraka wanaweza kuendelea na shughuli zao.

Waliobaki: hii ni seti ya kibati cha rangi 24, brashi yenye tangi la maji kwenye mpini, na daftari la A5 lenye karatasi 20. Inauzwa hapa Dar kwa ajili ya sisi tunaoingia ofisini asubuhi na kutoka jua limeshazama, wenye robo saa ya mchana na hamu ya kuchezea rangi kidogo kabla ya kurudi kwenye kompyuta. Wazo ni zuri mno. Ndiyo maana nina hasira.

Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi kiwandani, mara nyingine ya jelatini, ili maji yakae juu kwa muda kabla hayajanywewa. Muda huo ndio kazi yenyewe. Ndani yake unaivuta rangi, unaingiza nyingine ikiwa bado mbichi, unafyonza kwa tishu pale ulipozidisha. Karatasi za daftari hili hazikupi muda wowote. Ukigusa tu kwa brashi, ukingo wa rangi unaganda palepale. Ukirudi kuulainisha, uso unavimba na kutoa nyuzi ndogondogo zinazojiviringisha chini ya brashi. Ukipaka tabaka la pili, la kwanza linaamka na vyote vinageuka tope. Fungua ukurasa wa nyuma: rangi imeshafika huko. Hata anga la kawaida, lile la kupaka mfululizo kutoka juu kwenda chini huku ukiinamisha ubao, linatoka na mistari.

Mwenye siku nzima anaweza kushindana na karatasi ya namna hii. Mwenye dakika 15 hawezi, na baada ya michoro michache iliyoharibika anaacha kabisa, akiamini hana kipaji. Mtu wa aina hiyo ndiye hasa anayehitaji karatasi nzuri kuliko mchoraji wa kazi. Lakini rangi 24 zinapendeza kwenye picha ya tangazo, karatasi haionekani, basi pesa yote ikaenda kwenye wingi wa rangi.

Msikubali kuuziwa bila kupima. Karatasi moja ya A5 ni sehemu ya 32 ya mita ya mraba, kwa hiyo yenye gramu 300 kweli ina uzito wa gramu 9 na ushee. Karatasi 20 bila jalada zinapaswa kukaribia gramu 188. Zangu kwenye mizani ya jikoni zilisoma mia moja na kidogo. Huna mizani? Dondosha tone la maji kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Karatasi nzuri hulibeba tone likiwa limevimba kwa dakika kadhaa. Hii ililimeza kabla sijafunga kifuniko cha chupa. Na tuseme ukweli wote: hata karatasi bora ya pamba tupu, ikikaa stoo yenye unyevu wa pwani, gundi yake huharibika vipande vipande, na hutajua hadi upake rangi uone madoa yaliyokolea yasiyofutika. Zifungeni kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakulifungua daftari. "Dada, karatasi ni karatasi. Mkono wako ndiyo bado." Nikamwonyesha stika iliyobanduka na namba iliyo chini yake. Akaichukua, akaibandika upya, akainyoosha kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawasawa bila hata kikunjo, akanisogezea daftari langu. Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Mkono wangu bado! Mkono unaweza kuwa bado, kila mkono uliwahi kuwa bado, ila mkono haubandiki stika.

Nitamtetea kidogo, ingawa hastahili. Maduka yetu mengi ya vifaa vya sanaa yamekulia kwenye rangi nzito. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, wauzaji wa hapa wameijua rangi ya kopo, baadaye turubai na akriliki. Hizo zinakaa juu ya chochote utakachozipaka. Muuzaji aliyezoea hivyo hana sababu ya kujua kwamba kwenye rangi za maji karatasi ni nusu ya rangi. Sawa. Lakini kuzoea rangi ya kopo na kubandika namba ya uongo ni mambo mawili.

Sasa rangi zenyewe, na hapa inanibidi niwe muungwana: si mbaya. Kuna bluu ya altramarini inayotulia kwenye vishimo vya karatasi yenye mikwaruzo na kuacha chembechembe kama inavyotakiwa. Kuna kahawia ya sienna iliyochomwa, na ukiichanganya na altramarini hiyo unapata kijivu kizuri kuliko nyeusi iliyomo kibatini. Ongeza bluu moja ya upande wa kijani, manjano moja baridi, manjano ya udongo, na nyekundu moja: sita zinatosha kila kitu kilichopo juu ya meza ya ofisi. Hizo 18 nyingine ni michanganyiko ya hizohizo, pamoja na nyeupe ambayo kazi yake hasa ni kuzifubaza wenzake. Pinki kali msiiamini. Paka mstari kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa foili, kiache dirishani upande wa jua wiki kadhaa, kisha uinue foili. Yangu ilibaki chini ya foili tu.

Brashi ya tangi inavuja, ila si ya seti hii peke yake. Tangi likiwa nusu, hewa iliyomo hutanuka kwa joto la mkoba na kuyasukuma maji nje kupitia nywele za brashi. Lijaze pomoni au libebe likiwa tupu. Na msifunge kibati kikiwa kimelowa. Vidonge vya rangi vimeshikwa na gundi ya mgunga, mara nyingi na kitu cha kuvilainisha kama glisirini au asali, na kwa unyevu wa hapa ukungu huota juu yake kama kwenye mkate. Viache wazi usiku kucha mbali na vumbi. Wapo wanaotia tone la mafuta ya karafuu kwenye maji ya kunyunyizia, dawa ya zamani ya kuzuia kuvu, na karafuu sisi tunayo.

Nimeandika hadi hapa nikagundua kibati chenyewe nakitumia kila siku ya kazi. Kwa hiyo nyota moja niliyokusudia kuipa seti hii si haki. Ziwe tatu? Tatu, kwa kibati peke yake, mkitafuta karatasi yenu wenyewe. Nunua karatasi moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76, gramu 300, ya pamba ukiweza. Ikunje katikati na kuikata mara tano, kila mara kwa upande mrefu, unapata vipande 32 vya 14 kwa 9.5. Hiyo ni zaidi ya mwezi wa mapumziko ya mchana. Kibandike kipande pembe zote kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi ya mafundi rangi. Rusha dadu: namba ikiwa ndogo tumia rangi moja, ikiwa kubwa tumia mbili, tatu marufuku. Chora kilicho mbele yako, kikombe cha chai, chapati iliyoumwa, stepla. Penseli dakika mbili, tabaka la kwanza jepesi dakika tatu, halafu acha. Jibu barua pepe moja wakati kinakauka. Kwenye kiyoyozi tabaka jepesi halichukui muda, bila kiyoyozi siku za mvua utajibu tatu. Lijaribu kwa mgongo wa kidole: likiwa bado na ubaridi, halijakauka. Ukiligusa kwa brashi wakati huo, maji mapya yataisukuma rangi pembeni na kukuachia doa lenye kingo za mikunjomikunjo. Tabaka la pili kwa vivuli tu, kisha bandua selotepu ukiivuta kwa nje, si kwa juu.

Fanya hayo yote juu ya daftari la seti na selotepu itaondoka na ngozi ya karatasi. Nimelijaribu pande zote mbili. Linafaa kwa penseli za rangi, na sijui kwa nini nalisifia hata kwa hilo, maana nililipa bei ya gramu 300.

Nashusha tena. Mbili. Mnaokwenda kununua, mwombeni kijana awabandulie stika yeye mwenyewe kabla hamjatoa pesa.