OPA ya kubadili rangi ya leza: nzuri sana, ila usiinunue kwa kataloji

Wakuu, wengi mnaniuliza kuhusu OPA (optical parametric amplifier, kifaa cha kubadili rangi ya mwanga wa leza) tunayotumia maabara huku Ujerumani, basi ngoja niseme yote hapa. Kampuni siitaji, kwanza mashine za aina hii ndani zinafanana sana.

Leza yetu ni titani-safaya, inatoa mapigo ya femtosekunde 100 hivi (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde) lakini rangi moja tu, urefu wa wimbi nanomita 800, haitoki hapo. Sasa kila molekuli inanyonya mwanga kwa rangi yake, kwahiyo bila kubadili rangi nusu ya majaribio huyafanyi kabisa. OPA inachukua mwanga huo, kiasi kidogo inakikusanya kwenye kipande chembamba cha safaya unatoka mwanga mweupe, hiyo ndo mbegu, halafu mbegu inakutana na pampu, yaani mwanga wa leza uliobaki, ndani ya kristali iitwayo BBO na fotoni (chembe ya mwanga) moja ya pampu inagawanyika kuwa mbili, signali (yenye nishati zaidi) na aidla (inayobaki). Nishati haipotei njiani, ukitaka signali ya nanomita 1200 basi aidla yake itakuwa 2400 na huna cha kujadiliana. Kuchagua rangi ni kuzungusha kristali kidogo na kusogeza dilei (kioo cha kuchelewesha mwale mmoja) ili mapigo yafike pamoja, na hapo ujue pigo la femtosekunde 100 lina urefu wa maikromita 30 tu, kioo cha dilei kikisogea maikromita 15, kwa vile mwanga unaenda na kurudi, mbegu na pampu zimeshapishana!

Mimi hii kitu naiheshimu jamani. Mwaka 1961 Franken na wenzake kule Michigan walipitisha mwanga wa leza ya rubi wa nanomita 694 kwenye kwatzi wakapata 347, ila hafifu mno, na leo kisanduku cha mezani kinageuza zaidi ya robo ya nishati ya pampu kuwa signali na aidla kwa pamoja, rangi unayochagua kuanzia nanomita 1150 mpaka 2600, na ukiongeza kristali ya pili ya kuzidisha frikwensi ya signali mara mbili (urefu wa wimbi unakuwa nusu) unaingia kwenye rangi zinazoonekana kwa macho, 1200 inakuwa 600.

Kinachokera ni pembeni mwa masafa. Pale 1300 inatulia vizuri kabisa ila ukienda mwisho mwisho nishati inashuka na mapigo yanayumba, na kataloji inakuonyesha mstari mrefu wa rangi bila kukwambia hilo. Halafu ukibadili rangi mwale unahama kidogo kwasababu kristali imezunguka, so sampuli lazima uipange upya. Na kama joto la chumba linapanda na kushuka mwanga mweupe nao unacheza, AC nzuri ni sehemu ya mashine hii sio anasa.

Kwa wanaotaka mapigo mafupi chini ya femtosekunde 20 kwenye rangi za macho, hii siyo yenyewe, tafuteni NOPA (OPA ambayo miale yake haiendi sambamba) inayopigwa pampu ya nanomita 400, ile miale miwili inaingia kwenye kristali kwa pembe ya kama digrii 4 ili signali na aidla zisiachane haraka, ndo maana inabeba rangi nyingi kwa wakati mmoja.

Nyota nne kati ya tano. Kabla hamjalipa waambieni waijaribu kwa leza yenu wenyewe, ndani ya chumba chenu, na wapime muda wa pigo na mtikisiko wa nishati kwenye 1150 na 1550, wasiwaonyeshe 1300 peke yake.