Kuosha Gari na Kulipaka Waksi Nyumbani kwa Gharama Nafuu: Uzoefu Wangu

Gari langu ni Toyota IST ya rangi nyeusi, na ninaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, ambako vumbi la barabara za mitaa hulifunika wakati wa kiangazi na upepo wa bahari huacha chumvi juu ya bodi karibu kila usiku. Nilizoea kulipeleka kwa waoshaji wa kandokando ya barabara, ambao bei yao si kubwa, hadi nilipoanza kuona juani mikwaruzo myembamba ya duara iliyotanda kwenye boneti mithili ya utando wa buibui. Mikwaruzo hiyo haitokani na uzee wa rangi. Hutokana na kitambaa kilichokwisha kufuta rimu, kikachovywa katika ndoo ileile, kisha kikapandishwa mlangoni kikiwa bado kimebeba mchanga.

Niliamua kununua vifaa vyangu: chupa ya shampuu ya gari, glavu ya kuoshea na taulo kadhaa za maikrofaiba (kitambaa laini cha nyuzi nyembamba sana), pamoja na kopo dogo la waksi ya karnauba. Ndoo mbili za lita 20 nilikuwa nazo tayari, zilizobaki baada ya kupaka nyumba rangi. Kilichokuwa ghali zaidi ni waksi, lakini hutumika kidogo sana kiasi kwamba kopo moja hukaa muda mrefu.

Kifaa kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote ni ile ndoo ya pili, ambayo kwangu haikugharimu chochote. Ndoo ya kwanza ina maji ya shampuu, na ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glavu kila ninapomaliza sehemu moja ya gari, ili mchanga ubaki humo na usirudi kwenye rangi. Kabla ya kugusa bodi humwaga maji mengi juu yake kuondoa vumbi, kisha ninaanza na paa na vioo na kushuka hadi bampa na sehemu za chini za milango, ambako uchafu ni mkali zaidi. Rimu zina kitambaa chake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma.

Shampuu yenyewe imeniridhisha. Wengi wetu tumezoea sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo, na ni kweli kwamba inasafisha; lakini sabuni hizo zimetengenezwa kukata mafuta, hivyo huondoa na waksi iliyopakwa. Shampuu ya gari hufanya glavu iteleze, uchafu ukaondoka bila kusuguliwa kwa nguvu, na kifuniko kimoja au viwili vinatosha ndoo nzima.

Tatizo halisi la huku kwetu ni maji. Maji ya visima katika maeneo mengi ya karibu na pwani yana chumvi, na matone yakikaukia juani huacha madoa meupe ambayo kwenye gari jeusi yanaonekana kwa mbali. Kwa hiyo ninaosha asubuhi na mapema kivulini, ninamalizia kwa maji ya mvua au ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na ninakausha papo hapo. Madoa mapya hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kwa vipimo sawa, mradi gari lisuuzwe vizuri baadaye. Kinyesi cha kunguru nacho kisingojewe hadi siku ya kuosha, maana kikikaa juani hula rangi. Ninakilowesha kwa kitambaa chenye maji, ninasubiri dakika chache kilainike, ndipo ninakiinua bila kusugua.

Kuhusu polishi ninashauri uangalifu mkubwa. Polishi ina chembe za kusaga, na hung'arisha kwa kupunguza tabaka angavu la juu linalolinda rangi, tabaka ambalo ni jembamba kuliko unywele na halioti tena. Waksi haisagi, huongeza ngozi nyembamba juu ya tabaka hilo. Karnauba, ambayo hutokana na majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, hupakwa kidogo sana kwenye bodi iliyopoa, sehemu moja baada ya nyingine, ikaachwa ififie kama ukungu, kisha ikafutwa kwa taulo safi. Mng'ao wake kwenye rangi nyeusi umenifurahisha kweli, na kwa wiki kadhaa maji hujikusanya kuwa matone na kuteleza yenyewe. Hata hivyo, kwa jua la Dar es Salaam haidumu miezi mingi. Huficha mikwaruzo midogo tu, na mkwaruzo ambao ukucha hukwama ukipitishwa juu yake ni kazi ya fundi wa rangi. Plastiki nyeusi za bampa ziepushwe, kwani waksi ikikauka hapo huacha weupe mgumu kuondoa.

Taulo za maikrofaiba ninazifua peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huziba nyuzi na kuzuia zisinyonye maji. Taulo iliyoanguka chini hairudi kwenye bodi hadi ifuliwe. Iliyochakaa huhamia kwenye rimu.