Mabanda ya makuti Jambiani: malazi mazuri, umeme wa kuangaliwa upya
Mabanda haya ya ufukweni Jambiani, Zanzibar, ni masafi na ya bei ya wastani, lakini kinachostahili kuelezwa kwa urefu ni umeme wake, kwa sababu paa la makuti makavu likishika moto halimpi mtu nafasi ya kukusanya mizigo. Nyaya za taa zimepitishwa ndani ya mabomba ya plastiki, wala hazikufungwa kwa kamba kwenye maboriti kama ninavyoona kwingine, na kila banda lina sakiti breka yake, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Hilo ninalisifu. Kasoro iko karibu na kitanda: soketi moja tu, yenye ekstensheni nyembamba inayobeba feni, friji ndogo na birika la wati 2,000, ambalo peke yake huvuta karibu ampea 9 kwa umeme wa volti 230. Plagi ya birika ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja, na chandarua kikiigusa. Upepo wa chumvi nao hula viungo vya nyaya, vikapata joto. Mhudumu alibadilisha ekstensheni bila ubishi. King'ora cha moshi, hata hivyo, hakipo, na mtungi wa kuzimia moto umewekwa mapokezi, mbali na mabanda ya mwisho.